Kitabu kinaanza ukurasa wa 140

Ndugu na dada wa chama, leo sitaandika juu ya mbolea wala bei ya maharagi. Nataka tuongee vitabu, juu kuna jambo limenipata, na sikuweza kulielewa mpaka nilipofungua riwaya za wengine.

Miaka 3 nimekuwa naandika riwaya. Imefika kurasa 312. Niliandika kwa Kifaransa, sana sana usiku, wakati umeme uliporudi. Ni habari ya kijana mwenye lisansi ya kilimo anayerudi kwao Walungu na kukuta baba zake wadogo wanagombania shamba la marehemu baba yake. Mwaka huu nilipata moyo, nikawapa watu wawili waisome.

Wa kwanza ni mama mmoja aliyenifundisha Kifaransa sekondari. Alikaa nayo miezi 2. Nilipoenda kwake alinipa chai, akaweka yale makaratasi kwenye magoti, akasema: "Mwanangu, hiki kitabu kinaanza ukurasa wa 140, pale shangazi anatoka usiku kupima shamba kwa hatua za miguu yake, ili watoto wa kaka yake wasidanganywe. Kurasa 139 za mbele ni kazi yako ya mwisho wa masomo. Zile za nyuma ni wewe unatugombeza. Usirekebishe. Anza upya."

Wa pili ni mwenzangu wa promosheni. Yeye alisema: "Hadithi iko sawa, lakini Kifaransa chako kinanuka Kiswahili. Shangazi yako anaongea kama watu wa soko. Safisha lugha, ndipo wachapishaji wa Paris watakuangalia."

Wiki nzima sikufungua kompyuta. Kusema kweli nilikasirika, na nilimkasirikia zaidi yule mama, kwa sababu moyoni nilijua hakusema uongo. Lakini kujua kwamba mtu amesema kweli hakukuambii ufanye nini kesho asubuhi. Basi nikaenda kuangalia mashamba ya wengine. Nimesoma upya waandishi wawili wenye walipitia njia hii.

Wa kwanza ni Harper Lee, Mmarekani wa Alabama. Mwaka 1957 mswada wake ulifika kwa mchapishaji Lippincott. Ni kile kitabu ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Va et poste une sentinelle. Jean Louise, msichana wa miaka 26, anatoka New York kurudi mji wake mdogo wa Maycomb. Anagundua kwamba baba yake Atticus, wakili ambaye alimwona kama mti wa katikati unaoshika nyumba, anakaa kwenye mkutano wa Wazungu wanaopinga haki za Weusi. Mhariri Tay Hohoff aliusoma. Hakumwambia apunguze maneno hapa na pale. Kurasa zenye uhai zilikuwa zile za kukumbuka utoto, na akamsukuma aandike upya kutokea kule. Kazi ilichukua zaidi ya miaka 2. Wenye kuandika maisha yake wanasimulia kwamba usiku mmoja alitupa makaratasi dirishani, kwenye theluji, akampigia mhariri simu akilia, na mhariri akamwamuru ashuke akayaokote. Mwaka 1960 kikatoka To Kill a Mockingbird, ndicho Ne tirez pas sur l'oiseau moqueur kwa wenye kukisoma kwa Kifaransa. Mwaka 1961 kikapata tuzo ya Pulitzer.

Ule mswada wa kwanza nao ulichapishwa mwaka 2015. Kwa hiyo sisi wasomaji tuko na bahati kubwa: tunaweza kuweka vitabu viwili kwenye meza na kulinganisha. Mle ndani niliona kitu cha ajabu. Kesi ya kijana Mweusi anayeshtakiwa kumbaka msichana Mzungu, ile ambayo kila msomaji anaikumbuka, kwenye mswada wa kwanza inapita kwa aya chache tu, na mshtakiwa anaachiliwa. Kwenye riwaya ya 1960 kesi hiyo imekuwa moyo wa kitabu, na Tom Robinson anahukumiwa ingawa kila mwenye macho ameona kwamba hana hatia. Msimuliaji pia amebadilika. Mwanzo ni sauti ya nje inayosema "yeye". Baadaye ni Scout mwenyewe, anasema "mimi". Hiyo si kurekebisha hata kidogo. Mwandishi ameacha shamba zima, akachukua vijiti vichache vyenye afya, akaenda kupanda pengine.

Wenzangu wa kilimo wananielewa. Shamba la mihogo likishikwa na mozaiki, halitibiwi kwa kupalilia. Na ukikata miti kwenye shamba lile lile gonjwa ukaipeleka kwenye udongo mpya, umehamisha na ugonjwa. Unatafuta miti safi, hata kama ni kidogo, unaanza nayo. Sasa niwaambie aibu yangu. Niliposikia "anza upya", nilifungua faili mpya nikaanza kunakili sura ya kwanza, nabadilisha neno hapa, naondoa koma pale. Siku 4 nilifanya hivyo, nikajisifu kwamba niko naandika upya. Ilikuwa mozaiki ile ile, jina la faili tu ndilo lilikuwa jipya.

Lakini tusifanye kama vile ushauri mzuri hauna gharama. Atticus wa 1960 ni mtu safi, karibu mtakatifu. Atticus wa mswada wa kwanza anaumiza, kwa sababu tunamjua: ndiye mzee aliyekufundisha haki, halafu siku moja unamkuta amekaa upande mwingine. Swali hilo, binti mkubwa anafanya nini na baba wa namna hiyo, lilitoka kwenye kitabu, na wasomaji walilingojea miaka 55. Je, Hohoff alikosea? Nimesoma sura za mwisho za ule mswada mara 2. Baba anatoa hoja, baba mdogo anatoa hoja, binti anajibu kwa hoja, na maisha yamesimama yanawangoja wamalize. Swali lilikuwa kubwa, ila mwandishi alikuwa bado hajalipatia watu wa kulibeba. Mhariri alikuwa na haki juu ya kitabu. Lakini kitu cha thamani kilibaki nje, na mimi kama msomaji nakataa kusema hakikuwa na thamani.

Basi nikabaki na woga: nikianza upya, baba wadogo wangu na shamba lao, mambo yenye kuniuma tangu utotoni, nayo yatabaki nje? Hapo ndipo mwandishi wa pili alinisaidia, na huyu ni wa kwetu Afrika.

Ahmadou Kourouma wa Côte d'Ivoire hakusomea fasihi. Alisomea hesabu za bima kule Lyon. Mwaka 1963 serikali ya Houphouët-Boigny ilikamata watu wengi kwa njama ambazo baadaye rais mwenyewe alikubali kwamba hazikuwako. Rafiki za Kourouma walifungwa, yeye mwenyewe aliguswa, na ilibidi aondoke nchini. Kwa hasira hiyo aliandika Les Soleils des indépendances, habari ya Fama, mwana wa wafalme wa Horodougou, ambaye uhuru wa nchi umemfanya mtu wa kuzunguka matanga akitafuta chakula na pesa.

Wachapishaji wa Ufaransa waliukataa mswada. Sababu moja kubwa ilikuwa lugha: Kourouma alichukua Kifaransa na kukiongoza kwa mwendo wa Kimalinke, maneno ya Wazungu yakaanza kubeba maana za kwao. Ndipo jarida Études françaises la Chuo Kikuu cha Montréal, kule Kanada, likampa tuzo, na kitabu kikachapishwa huko mwaka 1968. Seuil ya Paris ilikichapisha mwaka 1970, miaka 2 baadaye.

Sasa angalieni vizuri, kwa sababu jambo lenyewe liko hapa. Watu wa Montréal nao hawakuchukua mswada kama ulivyo. Georges-André Vachon, aliyeongoza lile jarida, aliomba kurasa nyingi za sehemu ya mwisho ziondolewe, zile zilizokuwa kama ripoti ya gazeti juu ya kukamatwa na kufungwa kwa watu. Kourouma alikubali akazikata. Kwa hiyo mswada mmoja ulipata majibu mawili. Paris ilikataa mdomo wa mwandishi. Montréal ilipenda ule mdomo, ikakataa fasi ambapo mwandishi aliacha kusimulia akaanza kutoa ushahidi.

Ukisoma kitabu kilivyo leo, utaona Vachon aliona wapi. Chukua asubuhi ya Salimata, mke wa Fama. Anaamka kabla ya jua, anauza uji, anapika wali, anawapa bure watu wenye njaa, na watu hao hao wanamrukia na kumnyang'anya pesa zake. Hakuna hata mstari mmoja wa kutufundisha siasa, na bado ukimaliza unajua uhuru umewafanyia nini maskini. Kisha fika pale Fama anapofungwa kwa sababu ameota ndoto juu ya waziri na hakwenda kuisema. Hata baada ya kukatwa, mwendo wa sehemu hiyo ni wa haraka, sauti ya mshtaki bado inasikika nyuma ya sauti ya msimuliaji. Mimi nafikiri ile ndiyo sehemu dhaifu ya kitabu kikubwa, na nawaza ingekuwaje pamoja na zile kurasa zote.

Na vile vilivyokatwa vilienda wapi? Mwaka 1998, miaka 30 baadaye, Kourouma alitoa En attendant le vote des bêtes sauvages. Mle ndani yumo rais mzee mwenye kofia, totemi yake mamba, ambaye anajenga gereza na kuwatia humo rafiki zake mwenyewe. Ile hasira ya 1963 imerudi, lakini safari hii iko na mtu wa kuibeba: mzee mwerevu, mchekeshaji, anayemtembeza mgeni gerezani kama vile mtu anavyoonyesha shamba lake la kahawa. Sasa unacheka, halafu unaogopa. Kwenye ripoti ungejulishwa tu.

Nikarudi kwa wasomaji wangu wawili. Mama mwalimu aliniomba niondoe kurasa nyingi kuliko mwenzangu, karibu zote, na bado hakugusa mdomo wa shangazi. Alinirudisha kwa shangazi. Mwenzangu alitaka kidogo tu, maneno labda 200, lakini maneno yale ndiyo pumzi ya yule mama anayepima shamba usiku. Nilikuwa napima ushauri kwa uzito: huu ni mkubwa, unaniua, huu ni mdogo, naukubali. Nilikosea kipimo. Wa mwenzangu nimemrudishia, kwa heshima, na bado tunakunywa chai pamoja. Wa mama mwalimu nimeukubali.

Wenye kuandika hapa, na najua mko wengi wenye mashairi na riwaya kwenye simu, msikimbilie kuuliza wamesema nikate kurasa ngapi. Ulizeni wamenielekeza wapi: karibu na watu wangu, ao mbali nao?

Mimi nimeweka zile kurasa 312 ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati, panya wasifike. Sijazichoma. Baba wadogo wako mle, wanangoja siku nitakapojua kuwasimulia bila kuwagombeza. Nimenunua kaye mpya, na safari hii naandika kwa mkono, ili nisishawishike kunakili. Kitabu kinaanza usiku, shangazi amevua viatu, anahesabu hatua kwa sauti ya chini. Nimefika ukurasa wa 19. Mama mwalimu ameomba asionyeshwe kitu mpaka nifike 100.