Pale Mapigo Yanapogeuka

Kuchanganya miziki siku hizi ni kazi ya mchana mmoja. Mwenye kompyuta atakata kipande cha ska, atakibandika ubavuni mwa kipande cha metali, atalainisha kiungo, na msikilizaji hatatambua kwamba wapigaji wa vipande hivyo hawajawahi hata kuonana. Ufundi uko kwingine. Uko katika kuugeuza muziki mbele za watu, bendi nzima kwa pamoja, bila kusimama, wakati wapigaji wanaruka na mwimbaji amejitupa juu ya vichwa vya watazamaji, maikrofoni bado mkononi.

Fishbone ya Los Angeles imeifanya kazi hiyo tangu 1979. Anayetaka kuisikia ilivyo aziweke kando kwa muda albamu zake za studio, pamoja na uzuri wake, ashike zilizorekodiwa jukwaani: Live at the Temple Bar and More ya 2002, Live in Amsterdam ya 2005, na Fishbone Live, iliyorekodiwa Bordeaux, Ufaransa, ikatoka 2009. Mimi hurudi zaidi kwenye hii ya Bordeaux, na si kwa sababu ndiyo safi kuliko zote. Narudi kwa sababu viungo vyake vinasikika.

Tuvitazame kwanza vitu vinavyoungwa. Ska ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950. Gitaa na piano hazipigi juu ya pigo. Hupiga katikati ya pigo na pigo, mchapo mfupi na mkavu, huku besi ikitembea chini hatua kwa hatua na wapulizaji wakiubeba wimbo. Kundi la Skatalites, lililoundwa 1964, lilijaa wapulizaji waliolelewa katika shule ya Alpha mjini Kingston, shule ya watawa iliyowafundisha watoto maskini tarumbeta na tromboni. Wale hawakuwa wapigaji wa kubahatisha. Walikuwa wanajazi walioamua kuchezesha watu. Fanki nayo, aliyoitengeneza James Brown, inaweka uzito wote kwenye pigo la kwanza; yanayofuata ni mapengo yaliyopangwa, kila chombo kikisema neno moja na kunyamaza. Metali haipendi mapengo. Ilitoka Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, na bendi ya Black Sabbath, ambayo mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa kijana. Ili nyuzi zisimuumize alitafuta nyembamba, na baadaye akazilegeza, sauti ikashuka na kuwa nzito. Gitaa lake, sauti ikiwa imepasuka, linajaza chumba hadi pembeni.

Sasa mpe mtu mmoja gitaa moja, umwambie apige yote hayo ndani ya dakika nne. Akiwa kwenye ska anataka sauti safi inayokufa mara tu anapoachia nyuzi. Akiingia kwenye metali anataka sauti ndefu, inayonguruma. Mguu wake unapaswa kuikanyaga pedali ya kugeuza sauti katika upenyo ulio mwembamba kuliko nusu pigo. Akichelewa, metali inaingia uchi, nyembamba, inachekesha. Akiwahi, mchapo wa mwisho wa ska unakoroma. Na mkono wa kushoto lazima uwe umeshazifunga nyuzi, kwa sababu gitaa lililopasuka hupiga mluzi likiachwa wazi hata kidogo. Haya yote mtu anayafanya gizani, jasho likimwingia machoni.

Lakini siri kubwa haiko kwenye gitaa. Iko kwa mpiga dramu, na ni siri ya hesabu tu. Tuseme wimbo wa ska unakwenda mapigo 160 kwa dakika, na snea, ile dramu yenye mlio mkali, inalia kwenye pigo la pili na la nne. Mpiga dramu akiiacha snea ilie kwenye pigo la tatu peke yake, bila kupunguza kasi hata chembe, mwili wa msikilizaji unahesabu 80. Ghafla miguu iliyokuwa ikirukaruka inakuwa mizito, vichwa vinaanza kuinama. Hakuna kilichopungua mwendo. Kilichohama ni mahali pa msisitizo. Anayesikia kwa mara ya kwanza huapa kwamba bendi imevunja wimbo na kuanza mwingine. Akirudia, akihesabu kwa kidole, atakuta hesabu haikukatika.

Besi nayo inatafuta njia. Norwood Fisher, aliyeanzisha bendi hii na wenzake wakiwa bado watoto wa shule, mara nyingi alikuwa akipitia fanki. Naona alikuwa na akili kubwa katika hilo. Fanki ina mapengo, kwa hiyo inapatana na ska. Ina uzito wa pigo la kwanza, kwa hiyo inapatana na metali. Ukitoka ska kwenda metali moja kwa moja unapiga ukuta. Ukipita fanki, hata kwa mizunguko miwili tu ya kidole gumba kinachochapa uzi, unafunguliwa mlango. Bendi nyingi zilizoiga Fishbone katika miaka ya 1990 zilichukua ncha zote mbili zikausahau mlango, ndiyo maana nyimbo zao nyingi zinachosha baada ya kibwagizo cha pili: polepole, kelele, polepole, kelele.

Mpenzi wa dansi, awe amelelewa na bendi za Dar es Salaam au za Kinshasa, hatashangazwa na wazo la wimbo unaogeuka. Anaijua ile saa ambapo waimbaji wanamaliza hadithi yao, gitaa la solo linashika usukani na sebene inaanza. Ila kule kila mtu anajua kwamba sebene inakuja, na anaingojea akiwa amesimama tayari. Fishbone hawatoi ahadi hiyo. Wanaweza kugeuka mara nne, wakarudi walikotoka, wakaishia mahali ambapo wimbo haukupataja. Nakiri kuna usiku ambapo hilo linaniudhi. Kuna nyimbo zao ambazo zingekuwa bora kwa kugeuka mara moja tu.

Tabia hiyo ina chanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mahakama ilikuwa imeamuru shule za Los Angeles zichanganye watoto wa rangi mbalimbali, na mabasi yakaanza kuwabeba watoto weusi wa South Central hadi kwenye shule za Wazungu katika bonde la San Fernando. Norwood Fisher na ndugu yake Philip, mpiga dramu, walikuwa miongoni mwao, pamoja na Kendall Jones, Chris Dowd na Walter Kibby. Kule bondeni walimkuta Angelo Moore, aliyekuja kuwa mwimbaji wao, kijana mweusi ambaye familia yake ilikuwa ikiishi huko tayari. Nyumbani kulikuwa na fanki ya Parliament na Funkadelic. Shuleni kulikuwa na gitaa la roki. Na mwaka uleule bendi ilipoanza, 1979, huko Coventry, Uingereza, Jerry Dammers wa bendi ya The Specials alianzisha lebo ya 2 Tone, iliyoichukua ska ya Jamaika ikaipa hasira ya panki. Sauti hiyo nayo ikawafikia. Kwa hiyo hawakuketi kupanga mchanganyiko. Walipanda nao basi asubuhi, wakashuka nao jioni.

Kampuni ya Columbia ilitoa rekodi yao ya kwanza mwaka 1985, ikisimamiwa na mtayarishaji David Kahne. Wimbo wake unaojulikana zaidi, Party at Ground Zero, unaigeuza vita ya nyuklia kuwa sherehe, na katikati yake wapulizaji wanachomeka maandamano ya wapigana fahali kutoka opera ya Carmen ya Bizet. Ilikuwa kazi ya watoto waliokuwa hawajafika umri wa kuogopa. The Reality of My Surroundings ya 1991 ilifika nafasi ya 49 kwenye chati ya Billboard, na mwaka huo walipiga kwenye kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live. Hawakupanda zaidi ya hapo. Redio za Weusi zilisema hii ni roki. Redio za roki zilitazama picha ya jalada. Huko New York, Vernon Reid na wenzake walikuwa wameshaunda Black Rock Coalition mwaka 1985 kwa sababu ya ukuta huohuo.

Jambo linaloniuma ni kwamba katika miaka yote hiyo ya Columbia, wakati kila mtu alikubali kwamba Fishbone ni bendi ya jukwaani, haikutoka albamu kamili hata moja ya jukwaani. Na mifano ya faida yake ilikuwepo. Tarehe 24 Oktoba 1962 James Brown alirekodi onyesho lake katika ukumbi wa Apollo, Harlem, kwa pesa zake mwenyewe, kwa kuwa bosi wa kampuni yake, Syd Nathan, hakuona nani angenunua nyimbo zilezile zikiwa na makelele ya watu. Rekodi hiyo ilifika nafasi ya pili kwenye chati ya albamu. Na ska yenyewe: The Specials walishika namba moja Uingereza mwaka 1980 kwa rekodi ya jukwaani, wimbo wake wa mbele ukiwa umenaswa Lyceum, London, ukumbi uleule ambamo Bob Marley alirekodi albamu yake Live! mwaka 1975. Fishbone walisubiri hadi 2002, wakiwa hawana tena kampuni kubwa, na hata hapo wakafanya kinyume cha desturi. Live at the Temple Bar haikuwa mkusanyiko wa nyimbo pendwa. Walijaza nyimbo mpya, ambazo hazikuwa kwenye albamu zao zilizotangulia. Ni kitendo cha kiburi, na nakipenda.

Kufikia Bordeaux, wa mwanzo waliobaki walikuwa Norwood Fisher na Angelo Moore. Philip Fisher alikuwa ameondoka zamani. Kwenye dramu alikaa John Steward. Gitaa lilikuwa mikononi mwa Rocky George, aliyejulikana kwanza kwa kazi yake na bendi ya Suicidal Tendencies, mtu wa metali hasa. Wapo wanaosema hii si Fishbone. Mimi nasikia kinyume chake: nasikia ufundi umetoka kwenye mikono iliyoubuni na kuingia kwenye mikono mingine, na bado unafanya kazi. Steward haigi Philip. Philip alikuwa mwepesi, akijaza pigo kwa vipigo vidogo vya chinichini kwenye snea. Steward anapiga kwa bega. Lakini anapofika kwenye kona, snea inahama mahali palepale, na besi inakuwa imeshafika.

Hapa nimsifu mtu ambaye jina lake halisomwi na wengi: fundi mitambo. Kurekodi bendi ya namna hii ni taabu. Kila waya wa maikrofoni unagawanywa mara mbili, nusu inakwenda kwenye spika za ukumbi, nusu kwenye mashine ya kurekodi. Dramu zinavuja ndani ya maikrofoni ya mwimbaji. Tarumbeta inavuja ndani ya maikrofoni ya saksafoni. Mwimbaji akiruka kwa watazamaji, anabeba maikrofoni iliyo wazi hadi katikati ya spika na mayowe. Fundi hawezi kumtoa mmoja bila kumjeruhi mwingine, kwa hiyo hawezi kurekebisha sana. Wapo waliokimbilia studio baada ya onyesho kupiga upya sehemu zilizoharibika, na mabishano kuhusu Live and Dangerous, albamu ya jukwaani ya bendi ya Thin Lizzy, ya 1978, hayajaisha hadi leo. Kwa Fishbone, uvujaji huo ndio unaofanya kona ziaminike. Ska inapogeuka kuwa metali, mwangwi wa ukumbi wa mchapo wa mwisho bado unaning'inia ndani ya maikrofoni ya dramu, na kwa nukta moja unasikia miziki yote miwili kwa pamoja. Studio ingeufuta mwangwi huo.

Ubaya upo. Wapulizaji wanamezwa kila gitaa linapopasuka, na hilo ni kosa la maumbile ya metali kuliko la mtu: tarumbeta na gitaa lililopasuka vinagombea eneo lilelile la sauti. Suluhisho la Fishbone ni kuwaacha wapulizaji waufuate mstari wa gitaa badala ya kupigana nao, lakini tromboni ikishapotea hairudi mpaka ska irudi. Sauti ya Moore nayo inachoka, na anapochoka huongeza vituko.

Kituko kimoja cha Moore jukwaani ni theremini, chombo alichobuni Mrusi Lev Termen takriban mwaka 1920, ambacho hupigwa bila kuguswa: mkono mmoja hewani unaongoza juu na chini ya sauti, mwingine unaongoza ukubwa wake. Kwa fundi mitambo ni chombo rahisi kuliko vyote, kwa sababu kinaingia kwa waya, hakina maikrofoni, hakuna kinachovuja ndani yake. Ila antena yake haichagui mwili. Mpiga besi akipita karibu, noti inapanda. Shabiki akiparamia jukwaa, inapanda tena, na mashine inayanasa yote.