Siri Iliyofichuliwa Mapema: Msuko wa Filamu ya Vertigo

Katika kila hadithi ya siri liko swali ambalo mtungaji hana budi kulijibu kabla ya kuandika neno la kwanza: nani ajue nini, na alijue lini? Swali hili laonekana dogo, lakini ndilo likatalo shauri la msuko mzima. Mazoea ya watungaji wa hadithi za upelelezi ni kuificha siri mpaka ukurasa wa mwisho. Msomaji hupelekwa huku na huko, humshuku huyu na kumsafisha yule, na siri ifichukapo hadithi haina tena la kusema.

Filamu ya Vertigo, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock na kuonyeshwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1958, iliyavunja mazoea hayo. Yapata nusu saa kabla ya mwisho siri yote humwagwa mbele ya mtazamaji, ilhali shujaa wa hadithi angali gizani. Wako waliolihesabu jambo hilo kuwa kosa kubwa la msuko, na hoja yao si ya kupuuzwa. Yafaa basi kupima kama ni kosa, au kama ndilo uhai wa kazi yenyewe.

Hadithi yaweza kuelezwa kwa ufupi. John Ferguson, ambaye rafiki zake humwita Scottie, ni mpelelezi wa polisi katika mji wa San Francisco. Katika kumfukuza mhalifu juu ya mapaa ya nyumba anateleza, akaning'inia kwenye mfereji wa paa. Askari mwenzake anayemnyoshea mkono anaanguka na kufa. Tangu hapo Ferguson ana maradhi ya kuogopa kimo: akitazama chini kutoka mahali pa juu, kizunguzungu humshika. Anaacha kazi. Ndipo Gavin Elster, aliyesoma naye chuoni zamani, anapomwomba amfuate mkewe Madeleine, ambaye yasemekana amepagawa na roho ya mama wa bibi yake, Carlotta Valdes, aliyejiua akiwa na umri wa miaka 26. Ferguson anamfuata mpaka kaburini kwa Carlotta, mpaka kwenye jumba la sanaa ambako mwanamke huyo huketi mbele ya picha ya marehemu, na mpaka kwenye ghuba karibu na daraja la Golden Gate, anakojitupa majini akaokolewa naye. Mapenzi yanaingia. Siku moja, katika misheni ya zamani ya San Juan Bautista, Madeleine anakimbilia juu ya mnara. Ferguson, kwa ajili ya kizunguzungu, hawezi kuzimaliza ngazi. Kupitia dirishani anauona mwili ukianguka.

Hadithi nyingine ingalikoma hapo au karibu na hapo. Lakini filamu hii ina dakika 128, na saa moja na robo hivi tu ndiyo iliyopita. Ferguson anaugua akili. Anatoka hospitalini, anazurura mjini akimtafuta maiti katika nyuso za walio hai, hata akamwona Judy Barton, mfanyakazi wa duka aliyetoka mji wa Salina katika jimbo la Kansas. Sura yake ni ile ile ya Madeleine, ingawa nywele, mavazi na usemi wake ni vingine. Ferguson anamwalika kwa chakula cha jioni, kisha anatoka chumbani. Kamera, ambayo kwa sehemu kubwa ya filamu imekuwa kama kivuli chake, safari hii haimfuati. Inabaki na Judy. Anageuka, anatazama mbele moja kwa moja, na kumbukumbu yake inafunguka: juu ya mnara Elster alikuwa akingoja na mwili wa mke wake wa kweli, aliyekwisha kuuawa. Judy alikodiwa kuigiza, na Ferguson alitafutwa awe shahidi wa kifo cha uongo. Anaandika barua ya kuungama yote, kisha anaichana. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hapa kata imesema na mtazamaji, lakini haikusema na mwenye kiu.

Kitabu kilichoizaa filamu hii ni D'entre les morts, kazi ya Wafaransa Pierre Boileau na Thomas Narcejac, iliyotolewa mwaka 1954. Humo siri haifichuliwi mapema. Msomaji hukaa na mwanamume, Flavières, hata mwisho, na kukiri kwa mwanamke ndiko kunakoifunga hadithi. Filamu, ambayo maandishi yake yametiwa majina ya Alec Coppel na Samuel Taylor, iliyahamisha mambo mengi ya kitabu, ikatoa Paris na Marseille na kuweka San Francisco. Lakini badiliko zito kupita yote ni hili la wakati wa kufichua. Katika mazungumzo yake na François Truffaut yaliyofanywa mwaka 1962 na kutolewa kitabu mwaka 1966, Hitchcock alieleza kwamba watu waliokuwa karibu naye walilipinga, wakitaka siri ihifadhiwe mpaka mwisho. Katika mazungumzo hayo hayo alitoa mfano wa bomu lililowekwa chini ya meza. Likilipuka ghafula, watazamaji hupata mshituko wa sekunde chache. Wakijulishwa mapema kwamba bomu lipo na saa ya kulipuka imekaribia, maneno ya kawaida ya walioketi mezani huwa mazito, na taharuki hudumu dakika nyingi.

Mfano huo waeleza sehemu ya jambo, wala hauelezi jambo zima. Kwanza, ni kweli kwamba ufichuzi hubadili swali la hadithi. Kabla ya barua, mtazamaji huuliza, "Judy ni nani?" Baada ya barua huuliza, "Ferguson atafanya nini siku atakapojua?" Swali la kwanza lina jibu moja, nalo likipatikana hufa. Swali la pili huishi katika kila tendo linalofuata, kwa kuwa jibu lake limo katika tabia ya mtu, na tabia haijulikani mpaka ijaribiwe.

Pili, ufichuzi huhamisha huruma. Ferguson anampeleka Judy dukani, anakataa nguo moja baada ya nyingine, anataka suti ya kijivu na hapana nyingine. Kisha anataka viatu, kisha rangi ya nywele, kisha namna ya kuzifunga. Kama mtazamaji asingejua siri, angeyaona haya kwa macho ya Ferguson: angekuwa na hamu ya kuuona mfano ukikamilika, na Judy angekuwa kitambaa mikononi mwa fundi. Kwa kuwa ajua, anaona mwanamke aliyekwisha kumpoteza mpendwa wake mara moja kwa sababu ya uongo, sasa akiombwa aufute uso wake mwenyewe ili apendwe kwa jina la mwingine. Judy anauliza kama akikubali kubadilishwa atapendwa. Swali hilo lingepita kama neno la kawaida la mapenzi pasipo ile barua iliyochanwa. Pamoja nayo, ni kilio. Mtazamaji ambaye kwa muda mrefu alifurahi kumfuata Madeleine pamoja na Ferguson analazimika kukiri kwamba naye hakupata kuuliza mwanamke yule alikuwa nani.

Tatu, ufichuzi hurudi nyuma na kuigeuza nusu ya kwanza. Maneno ya mapenzi aliyoyasema Madeleine kabla ya kukimbilia mnarani yalisikika kwanza kama ya mtu aliyepagawa. Sasa yasikika kama ya Judy mwenyewe, aliyempenda kweli mtu aliyeajiriwa kumdanganya. Msuko wa filamu hii umejengwa kwa marudio: kumfuata mwanamke, kumpenda, kumpandisha mnara, kumpoteza. Duru ya pili yafuata nyayo za ile ya kwanza, na bila barua ingekuwa marudio matupu. Barua ndiyo itiayo tofauti kati ya duru hizo mbili, kwa maana katika ya kwanza mtazamaji alidanganywa pamoja na Ferguson, na katika ya pili anamtazama Ferguson akijidanganya.

Aristotle, katika maandishi yake juu ya ushairi, aliusifu utambuzi unaotokea pamoja na mgeuko wa mambo, akatoa mfano wa Oedipus. Watu wa Athens walioketi kuitazama tamthilia ya Sophocles walikuwa wanaijua hadithi kabla ya kuingia. Hawakuja kujua muuaji ni nani, walikuja kumwona mtu akiukaribia ukweli utakaomwangamiza. Mwanafunzi aisomaye tamthilia hiyo katika tafsiri ya Kiswahili ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, ataona kwamba kila hatua ya uchunguzi wa mfalme ni hatua ya kuanguka kwake. Barua ya Judy humweka mtazamaji wa senema mahali pale pale. Utambuzi wa Ferguson waja kwa kitu kidogo: Judy anamwomba amfungie mkufu, naye anauona kiooni kuwa ni ule wa Carlotta katika picha. Mtazamaji hajifunzi lolote jipya hapo, na kwa sababu hiyo moyo wake wote uko huru kutazama uso wa Ferguson.

Kisha wanarudi mnarani. Ferguson anamburura Judy ngazini, akiyasema maovu yake moja moja, na safari hii anafika juu. Maradhi yake yamepona katika saa ile ile anapopatwa na hasara isiyorudishika, kwa kuwa mtawa anatokea gizani, Judy anashituka, anaanguka. Dawa na sumu zimetoka katika chupa moja. Ni vigumu kufikiri namna ambavyo mwisho huo ungeweza kubeba uzito wake kama dakika hizo hizo zingetakiwa pia kueleza nani alimwua nani na kwa hila gani.

Hata hivyo mizani ya haki haina upande mmoja. Msuko wa hila ya Elster una nyufa. Hitchcock mwenyewe alimkiria Truffaut kwamba jambo moja lilimsumbua: mume angejuaje kwa yakini kwamba Ferguson hatafika juu ya mnara? Filamu haielezi Ferguson alishukaje kutoka kwenye ule mfereji wa paa. Midge, rafiki mwaminifu aliyeonekana kuwa nguzo ya hadithi, anaondoka katika ukumbi wa hospitali na haonekani tena. Elster haonekani akiadhibiwa. Anayeipima Vertigo kama hadithi ya upelelezi atakuwa na haki ya kuyahesabu haya kuwa mapungufu, na si uungwana kumjibu kwamba hayapo. Linaloweza kusemwa ni kwamba yote yako upande wa jinai, na filamu ilikwisha kuiacha jinai nyuma tangu barua ilipochanwa.

Wala isifikiriwe kwamba kufichua mapema ni kanuni ya kila kazi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1960, Hitchcock huyo huyo alitoa Psycho, ambamo mwanamke aliyedhaniwa kuwa ndiye shujaa anauawa kabla ya nusu ya filamu, na siri ya muuaji inafichwa mpaka karibu na mwisho. Aliagiza hata mtazamaji asiruhusiwe kuingia baada ya kuanza. Huko mshituko ulihitajika. Katika Vertigo ulihitajika uchungu. Mtungaji hodari hana desturi moja ya siri. Huitazama kazi na kuuliza ni ujinga upi wa mtazamaji unaoifaa, na ni ujuzi upi.

Vertigo ilipotoka, wachambuzi wa siku hizo waligawanyika, na wengine waliona imepungukiwa. Mwaka 2012, katika kura ya wachambuzi inayopigwa kila miaka 10 na jarida la Uingereza la Sight and Sound, ilitajwa kuwa ya kwanza kati ya filamu zote. Mwaka 2022 ilikuwa ya pili. Kura si hoja, lakini yaonyesha kwamba filamu ambayo siri yake yajulikana duniani kote haikuchoka kwa kujulikana. Hadithi inayoishi kwa siri tu husomwa mara moja. Judy alipoichana barua yake alimnyima Ferguson ukweli uliokuwa haki yake, na kila aionaye filamu tena, ajuapo yote, hutamani barua ile ingalifika.