Foleni ya Kuazima: Jinsi Kadi Moja ya Mtandao Inavyohudumia Kerneli na Programu kwa Pamoja

Kadi ya mtandao ya gigabiti 10 ikijazwa pakiti ndogo kabisa, zile za baiti 64, hupokea pakiti milioni 14.88 kila sekunde. Maana yake kila pakiti ina nanosekunde 67 tu. Kiini cha prosesa cha gigahezi 3 hupata mizunguko kama 200 katika muda huo, na kuifuata data moja iliyo nje ya kashe hadi kwenye memori kuu kunaweza kuimaliza yote. Kerneli ya Linux, kwa njia yake ya kawaida, inaitengea kila pakiti kumbukumbu, inaiandikia maelezo, inaipitisha kwenye sheria za iptables, inatafuta soketi inayoihusu, kisha inainakili hadi kwa programu. Mwaka 2015 Marek Majkowski, mhandisi wa Cloudflare, aliandika kwamba Linux ya kawaida inaishia kwenye pakiti kama milioni moja kwa sekunde, ilhali kadi yenyewe ingeweza kupokea mara kumi ya hizo.

Mwaka huohuo kampuni hiyo ilifungua kituo Mombasa, mji ambao nyaya za baharini za SEACOM, TEAMS na EASSy zinatua. Kwa msomaji wa Bukoba au Muleba jambo hili si la mbali. Mkongo wa Taifa unafika Bukoba na kuvuka Mutukula kuingia Uganda, na mtu anayefungua tovuti akiwa Nshamba au Kamachumu anaweza kuhudumiwa na seva iliyo pwani. Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 1,400. Mwanga ndani ya nyuzi hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata mkongo ungefuata barabara bila kupinda, kwenda na kurudi ni milisekunde 14 kabla ya ruta yoyote kuongeza zake. Seva ikirudishwa Ulaya muda huo unapaa. Kwa hiyo namna seva ya Mombasa inavyostahimili mafuriko ya pakiti inaamua kama huyu wa Nshamba atahudumiwa karibu au atakosa huduma kabisa.

Tatizo la wahandisi wa Cloudflare lilikuwa na pande mbili, na nadhani watu wengi huuona upande mmoja tu. Upande wa kwanza ni kasi: shambulio linaleta mamilioni ya pakiti za takataka kwa sekunde na kerneli inazama. Upande wa pili ni kwamba kadi hiyohiyo, katika dakika hiyohiyo, inapokea maombi halali ya wateja, yanayohitaji TCP kamili ya kerneli. Na seva iliyoko Mombasa inaendeshwa na wahandisi walioko mbali, wanaoingia kwa SSH kupitia kadi hiyohiyo.

Dawa iliyokuwa maarufu wakati ule, na bado inapendwa, ni DPDK, iliyoanzia Intel. Inaichukua kadi kutoka kwa draiva ya kerneli na kuikabidhi nzima kwa programu. Baada ya hapo amri ya ip link haiioni tena. Hakuna ARP, hakuna ping, tcpdump haioni kitu, SSH imekatika, isipokuwa uandike au ununue TCP nyingine ya kukaa ndani ya programu yako. Kadi za Mellanox zina utaratibu wao wa kuiacha draiva ya kerneli mahali pake huku DPDK ikifanya kazi pembeni, lakini kwa kadi nyingi hali ni hiyo: yote au hakuna. Kwa kampuni ya simu yenye mashine inayofanya kazi moja tu ya kupitisha pakiti, hilo linavumilika. Kwa seva inayohudumia tovuti halikubaliki.

Cloudflare walitazama ndani ya kadi badala ya kuitazama kadi kama kitu kimoja. Kadi ya kisasa ina foleni nyingi za kupokelea. Chipu ya Intel 82599, iliyoenea sana kwenye seva za gigabiti 10, ina foleni 128 za kupokea. Pakiti ikiingia, kadi huikokotolea heshi kutokana na anwani na poti zake, hutazama jedwali dogo, na kuiweka kwenye foleni iliyotajwa humo. Kila foleni ina orodha yake ya bafa na kikatizo chake, na kwa kawaida kila moja huangukia kiini chake cha prosesa. Mkulima wa Muleba anayepeleka kahawa chama cha msingi ataielewa picha hii: chama chenye mizani nne kinaweza kumwachia mnunuzi mmoja mizani moja kwa siku ile, lakini ghala, ufunguo na daftari vinabaki kwa katibu, na wakulima wengine wanaendelea kupima kwenye zile tatu.

Kwenye seva zenye kadi za Solarflare walitumia maktaba ya EF_VI, inayoiruhusu programu kuchukua aina fulani tu ya pakiti. Kwa njia isiyofungwa na kadi hizo, Gilberto Bertin aliandika badiliko ndani ya netmap, kazi ya Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa. Netmap ya asili ilikuwa na tabia moja ngumu: ukiifungua kadi, foleni zote za kupokea zinakatwa kutoka kwa kerneli. Badiliko la Bertin liliiruhusu ikate foleni moja tu. Hatua nyingine zote zilifanywa kwa ethtool, chombo ambacho fundi yeyote wa Linux anacho tayari. Kwanza jedwali la heshi linabadilishwa ili foleni ya mwisho isipewe chochote. Halafu inawekwa sheria ndani ya kadi: pakiti za UDP zinazokwenda anwani fulani na poti fulani ziende foleni ile. Programu inaifungua foleni hiyo, inasoma pakiti, na kutupa takataka.

Naipenda kazi hii kwa sababu ilikuwa na kiasi. Haikujaribu kuandika upya TCP. Iliikubali kerneli kuwa mwenye nyumba na ikaomba chumba kimoja.

Gharama zilikuwepo hata hivyo. Programu inayosoma foleni kwa kasi hiyo huwa inazunguka bila kulala, kwa hiyo kiini kizima cha prosesa kinatumika hata siku isiyo na shambulio. Kubwa zaidi, pakiti halali iliyochanganyika na takataka lazima irudishwe kwa kerneli ili imfikie mteja, na kurudisha huko kunakula muda uleule uliokuwa ukiokolewa. Shambulio likiwa asilimia 99 takataka, hesabu inakubali. Likiwa nusu kwa nusu, haikubali.

Kerneli nayo haikukaa. Linux 4.8 ya mwaka 2016 ilileta XDP: programu ndogo ya eBPF, iliyokaguliwa na kerneli kabla ya kuruhusiwa, inayokaa ndani ya draiva na kuamua hatima ya pakiti kabla haijatengewa kumbukumbu wala maelezo. Inaweza kuitupa, kuiachia iendelee, kuirudisha ilikotoka au kuielekeza kwingine. Mwaka 2018 Cloudflare walieleza mfumo wao wa L4Drop, uliohamishia kazi ya kutupa takataka kwenye XDP. Pakiti halali haikuhitaji tena kurudishwa popote, maana haikuwa imetoka.

Hilo lilimaliza haja ya kuazima foleni kwa ajili ya kutupa. Halikuimaliza kwa ajili ya kusoma. Programu ya DNS, ya kupimia mtandao au ya kubebea sauti haitaki kutupa pakiti. Inazitaka, kwa wingi, bila kunakiliwa. Kwa hiyo Agosti 2018, katika Linux 4.18, ikaja AF_XDP, kazi ya Björn Töpel na Magnus Karlsson wa Intel.

Hapa mpangilio wa umiliki ndio wa kutazamwa kwa makini. Programu inatenga eneo moja la memori, UMEM, lililokatwa vipande sawa, kwa kawaida vya baiti 2,048 au 4,096. Kati yake na kerneli kuna pete nne: ya kujaza, ya kupokea, ya kutuma na ya kukamilisha. Programu huweka kwenye pete ya kujaza namba za vipande vitupu, kadi inaandika pakiti ndani yake, kerneli inairudishia programu namba zilizojaa kupitia pete ya kupokea. Katika hali ya kutonakili, zinazosafiri ni namba tu, data haihami. Tofauti na DPDK, programu haigusi rejista za kadi hata moja. Draiva ya kerneli ndiyo inayoiambia kadi iandike wapi, na programu ikikosea inaharibu memori yake yenyewe. Soketi inafungwa kwenye foleni moja ya kadi moja, na foleni nyingine zinaendelea kuihudumia kerneli.

Deni moja lilibaki. Katika hali ya kutonakili, bafa za foleni ile ni za programu. Pakiti ikitakiwa kwenda kwa kerneli, lazima inakiliwe kwanza. Kazi nyingine ya miaka ya karibuni inalikwepa deni hilo: badala ya kuipa programu pakiti nzima, kadi inaigawa pakiti yenyewe. Kichwa kinakwenda kwenye memori ya kerneli, ambako TCP inafanya kazi yake kama siku zote, na mzigo unatua moja kwa moja kwenye memori ya anayeuhitaji. Linux 6.12, Novemba 2024, ilipata njia hii kwa memori ya vifaa kama kadi za kukokotoa za akili mnemba. Linux 6.15, Mei 2025, iliipata kwa programu za kawaida kupitia io_uring. Kerneli pia imejifunza kuisimamisha na kuiwasha upya foleni moja bila kuizima kadi, na programu ikifa, foleni inarudishiwa memori ya kawaida na kuendelea. Mkopaji akifa, mali inarudi yenyewe. Kwangu hilo lina thamani kuliko nanosekunde zote.

Sasa tuje kwetu. Mtoa huduma mdogo wa Bukoba anayerusha intaneti kwa redio hadi Muleba ana mashine moja, mara nyingi yenye poti za gigabiti 1. Hesabu ileile inamhusu: gigabiti 1 ya pakiti ndogo ni pakiti milioni 1.488 kwa sekunde, juu ya ile milioni moja aliyoitaja Majkowski. Kwenye laini ya megabiti 100 ni 148,800, na hapo kerneli ya kawaida inatosha, asihangaike. Akiwa na gigabiti 1 na anaogopa mafuriko, aanze na XDP ya kutupa. Foleni ya kuazima ni kwa mwenye programu inayosoma pakiti nyingi kweli, na aliyepima kwanza.

Akifika hapo, kadi yake inaweza kumkwamisha mahali asipotarajia. Intel I210 ina foleni 4 na I350 ina 8 kwa kila poti, idadi inayotosha. Lakini draiva ya kadi hizo, igb, kupitia ethtool haikubali sheria za poti ya UDP; inachagua kwa anwani ya MAC, aina ya fremu au kipaumbele cha VLAN. Sheria ile ya Bertin inayowekwa bila tabu kwenye 82599 itakataliwa hapa. Njia mbili zinabaki. Ama atenganishe trafiki hiyo kwa kipaumbele cha VLAN kinachowekwa kwenye swichi kabla haijafika kwenye mashine, ama aweke soketi ya AF_XDP kwenye kila foleni na kuiachia programu ya XDP ichague, maana soketi iliyofungwa foleni namba 3 haitaona pakiti iliyoingia namba 1. Mimi ningechagua VLAN: ni rahisi kuikagua mashine inapoharibika usiku.

Mpangilio wa hatua nao una uzito, hasa mashine ikiwa kwenye mnara wa kisiwa cha Bumbire na fundi yuko Bukoba mjini. Jedwali la heshi libadilishwe kwanza, sheria ya kuelekeza ifuate, soketi ifungwe mwisho. Ukigeuza, muunganisho wako wa SSH unaweza kuwa ndio ulioangukia foleni unayoichukua. Halafu soma hesabu za kila foleni kwa ethtool -S, uone kwamba foleni iliyotengwa inapokea kinachotakiwa na hakuna kingine.

Na foleni namba 0 isiazimwe. Pakiti zisizo na heshi, ARP ikiwemo, kwenye kadi za Intel huangukia huko. Katika hali ya kutonakili, programu ikichelewa kujaza pete yake, kadi inakosa pa kuandika na foleni hiyo inatupa kila kitu, hata kile kilichopaswa kwenda kwa kerneli. Foleni namba 3 ikikwama hivyo, programu moja inaugua. Namba 0 ikikwama, ARP haijibiwi, ruta ya jirani inaisahau anwani ya mashine, na mashine nzima inatoweka kwenye mtandao huku foleni zake nyingine zote zikiwa salama.