Kabla Hujaisifu Programu, Tazama Vistari vya Chini

Anayejua vikapu vya Iringa hukigeuza kikapu kabla ya kuuliza bei. Urembo wa nje kila mtu anauona. Ndani ndimo unamojua kama ncha za milulu zimefungiwa au zimeachwa. Programu za vijana wa Mbeya na Iringa nazipima vivyo hivyo, na naanza na kigeu kisichotumika: jina lililopewa thamani kisha likasahauliwa.

Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, hailivumilii jina hilo. Kigeu kikitangazwa ndani ya funksheni kisitumike, kompaila inagoma na programu haijengwi. Kukipa thamani tu hakuhesabiki kuwa ni kukitumia. Rust huonya, kisha huendelea. GCC ya lugha ya C hunyamaza mpaka uiwashie -Wall. Ukiongeza -Werror, onyo linageuka kosa.

Ukali huo una faida. Chukua programu ya kumlipa mkulima wa viazi aliyeleta lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kilo mia:

ziada := kilo - 100
malipo := 100 * bei

Go itakataa kwa sababu ya ziada, na ina haki: kilo zilizozidi mia zimehesabiwa, mkulima hakulipwa. Mwandishi makini atasimama hapo, atafakari, na huenda akagundua kuwa ziada haihitajiki kabisa: malipo := kilo * bei. Mwenye haraka ataongeza mstari mmoja wenye kistari cha chini, _ = ziada. Kompaila itanyamaza, programu itajengwa, na mkulima ataendelea kudhulumiwa kila gunia.

Ndiyo maana natafuta kistari cha chini kwanza. Kipo cha halali: for _, gunia := range magunia ni uandishi safi, maana namba ya gunia haina kazi pale. Lakini data, _ := os.ReadFile(njia) inatupa taarifa ya kosa. Faili likikosekana, hesabu itaendelea na data tupu. Hiyo siipitishi.

Go nayo haioni yote. Vigezo vya funksheni na vigeu vilivyotangazwa nje ya funksheni hupita bila kuguswa. Hivyo vinahitaji jicho la mtu.

Walimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na wa Chuo Kikuu cha Iringa, nawaomba: mwanafunzi akileta programu iliyojengwa bila kosa, aeleze kwanza kila kistari cha chini, ndipo mumpe alama.