Filamu Iliyopotea Mikononi mwa Ndugu

Tunapozungumzia urithi wa utamaduni uliopotea, sisi makada tumezoea kumnyooshea kidole beberu peke yake. Mara nyingi hatukosei. Lakini filamu ya Sarah Maldoror iitwayo Des fusils pour Banta inatulazimisha kujikosoa.

Maldoror, mzaliwa wa Ufaransa ambaye baba yake alitoka Guadeloupe, alisomea sinema Moscow. Mwaka 1970 aliingia Guinea-Bissau pamoja na wapiganaji wa PAIGC kupiga filamu juu ya Awa, mwanamke mkulima anayejiunga na harakati za ukombozi. Gharama zilitolewa na jeshi la Algeria, nchi iliyokuwa kimbilio la wapigania uhuru wa Afrika nzima. Kisha ukazuka mzozo baina yake na jeshi hilo; mikanda ikatwaliwa, naye akafukuzwa nchini. Alipofariki Aprili 2020, mikanda ilikuwa haijapatikana.

Hapa tusimsingizie Mreno. Mikanda ilichukuliwa na watu wa upande wetu, kwa mkono uleule uliotoa fedha. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno na dharau za viongozi. Haukuandikwa kwa ajili ya Algeria, lakini ugonjwa ni mmoja: mwenye bunduki hudhani kwamba hata picha ya mapinduzi ni mali yake.

Mwaka 2011 msanii Mathieu Kleyebe Abonnenc alitoa kazi ya slaidi na sauti juu ya filamu hiyo, akitumia picha zilizopigwa na Suzanne Lipinska wakati ilipokuwa ikitengenezwa. Ni kazi ya kweli, maana haijidai kuziba pengo. Kasoro ipo kwa watazamaji wake: ni watu wa kumbi za sanaa, na mkulima wa Guinea-Bissau anayeweza kumtambua mama yake katika picha zile hapiti huko.

Mabinti wa Maldoror, Annouchka de Andrade na Henda Ducados, ndio waliobeba mzigo wa kukusanya na kuhifadhi kazi za mama yao. Sambizanga, filamu yake ya mwaka 1972, ilikarabatiwa mwaka 2021, na leo tunaweza tena kumwona Maria akiwa na mtoto mgongoni, akienda gereza hadi gereza kumtafuta mumewe. Bunduki ni chache sana humo, jambo ambalo kada mwenye haraka huliona upungufu. Mimi naliona ndiyo nguvu ya filamu.

Wapo watakaosema utafutaji huu ni shughuli ya ukoo. Ni kweli kwamba baba wa mabinti hao, Mário Pinto de Andrade, alikuwa kiongozi wa MPLA, na nyumbani kwao siasa na familia havikutengana. Lakini Awa si wa ukoo wao. Binti akigonga mlango wa jeshi hana mkononi zaidi ya jina la mama yake, na anaweza kuambiwa arudi kesho. Vyama vilivyopigana vita ile havijasambaratika vyote. Vingine vinatawala hadi leo, na vinajua kuandikiana barua za pongezi kila sikukuu ya uhuru. Barua ya kuomba mikanda ingeweza kupita njia hiyohiyo.