Pamba ya Mtoto wa Mlimani

Watu wengi wakipewa mfarishi wa mtoto wautazame, husifu kitambaa cha juu: maua ya kanga, rangi za kitenge, pindo lililonyooka. Fundi hana haja na hayo. Huubana mfarishi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akausugua polepole kutoka pembeni kuelekea katikati, kisha akauliza: humu mmetia nini? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ufundi wa mfarishi wa mtoto umo katika kile ambacho mtoto hatakiona kamwe, na ambacho mama yake atakisahau mpaka siku ya kuufua.

Siku hiyo ya kufua ina uzito wa pekee Lushoto. Mji uko katika milima ya Usambara, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Shume na Mtae viko juu zaidi. Abiria aliyepandia basi Mombo, chini kwenye joto la tambarare, huzunguka kona za Soni akiwa na shati jepesi na kushuka Lushoto akitafuta sweta. Kipupwe kikishika, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu hutoka msitu wa Magamba alfajiri na kuna siku hauondoki mpaka mchana. Mtoto naye hasubiri hali ya hewa. Yuko mgongoni kwenye mbeleko, anakwenda shambani, sokoni na kliniki, na juu ya mbeleko lazima pawe na kitu cha kumkinga na baridi. Mablanketi ya dukani yapo, na mitumba imejaa. Hata hivyo bibi anayesubiri mjukuu bado huenda kwa fundi kuagiza mfarishi wa kushonwa.

Fundi mmoja hufanya kazi hii kwenye kibaraza kisicho mbali na soko la Lushoto, mama wa makamo mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Wateja wake hufika na ombi lilelile.

“Shikamoo mama. Naomba unitilie pamba nyingi, baridi ya kwetu Shume ni kali.”

“Marahaba mwanangu. Nikikutilia nyingi, utaikausha wapi? Utaishusha Mombo ikaanikwe?”

Mteja hucheka, lakini fundi hatanii. Mtoto hukojoa, hucheua na kumwaga uji, kwa hiyo mfarishi wake utafuliwa mara kwa mara. Mfarishi mnene ukilowa katika ukungu wa Julai huweza kubaki kwenye kamba siku kadhaa, na ndani yake unyevu hugeuka harufu, harufu ikageuka ukungu mweusi unaokaa karibu na pua ya mtoto. Joto si kipimo cha kwanza, maana joto hupatikana hata kwa kuongeza kanga ya pili. Kipimo cha kwanza ni kukauka, na fundi hupima kila kinachomjia mezani kwa swali hilo.

Sufi ndiyo hutajwa mapema, kwa kuwa iko karibu. Misufi imetapakaa katika tambarare za Tanga, huko Korogwe na Muheza. Wakati wa kiangazi mti hupukutisha majani, matunda yake marefu hukauka na kupasuka, na nyuzi nyeupe hupeperuka na upepo. Nyuzi za pamba zimeshikamana na mbegu, lakini za sufi zimeizunguka tu; ukifungua ganda na kutikisa, mbegu hudondoka. Ndani ya kila unyuzi mna uwazi uliojaa hewa, na nje pana nta ya asili inayofukuza maji. Ndiyo maana sufi ni nyepesi, hutunza joto na huelea. Kwa miongo mingi meli za dunia zilitumia jaketi okozi zilizojazwa sufi, na Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, mataifa yaliyokuwa yakiitegemea sufi ya kisiwa hicho yalilazimika kuhangaika kutafuta kwingine.

Pamoja na sifa hizo, fundi haitii sufi katika mfarishi wa mtoto. Nyuzi zake ni fupi, telezi na rahisi kukatika, kiasi kwamba hata kuzisokota uzi ni taabu. Hupenya kwenye kitambaa cha kawaida na kuwa vumbi linalokera kifua. Ili zisipenye, unahitaji drili iliyofumwa kwa kubana, na drili ni ngumu mno kwa ngozi ya mtoto mchanga. Ikilowa kwa kufuliwa, sufi hujikusanya mabonge, na mabonge hayo hayafumuki mpaka uupasue mfarishi na kuichambua sufi upya. Kuna pia jambo ambalo watu wa mlimani hawawezi kulipuuza: sufi hushika moto upesi sana, na mtoto wa Lushoto hutumia jioni nyingi za kipupwe jikoni, mapajani kwa bibi, hatua chache kutoka kwenye mafiga. Sufi, asema fundi, ni ya mto wa baba. Mto huanikwa, hupigwa fimbo, na kazi imekwisha.

Faiba ya kiwandani, ile nyeupe inayojazwa kwenye mito ya dukani, ina wema wake. Haivutii nondo, haina vumbi la mbegu, na hukauka haraka kuliko vyote. Kwa kipimo cha kamba ingeshinda. Lakini hainywi jasho, kwa hiyo mtoto aliyefunikwa mgongoni, mwili wake ukiwa umegusana na mwili wa mama anayepanda mteremko, huloa akiwa ndani ya joto lake mwenyewe. Akifika juu akafunuliwa, upepo humpiga akiwa na shati bichi. Tena cheche ya kuni ikiiangukia, faiba huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Fundi huikubali kwa mfarishi wa kutandika chini, kwenye nyumba inayopika kwa gesi. Wa mgongoni, hapana.

Katika pamba, wengi hukosea wakidhani pamba ni pamba. Ile inayouzwa duka la dawa ni nyeupe pe na laini, na mama mwenye haraka huona amepata. Fundi huchukua bakuli la maji akaonyesha. Anadondosha tone juu ya kipande cha pamba ya hospitali. Tone linazama papo hapo. Anadondosha jingine juu ya pamba iliyotoka kiwanda cha kuchambulia, ambayo haijapikwa wala kung’arishwa. Tone linasimama juu, duara, linametameta. Pamba ya hospitali imeondolewa nta yake makusudi ili inyonye damu na dawa. Ndani ya mfarishi itanyonya kila kitu, na baada ya kufuliwa mara mbili itakuwa kama uji ulioganda kwenye kona. Pamba ghafi bado ina nta yake. Huchelewa kulowa na ikikamuliwa huacha maji mengi yatoke, na nyuzi zake hubaki zimeshikana.

Pamba yetu inafaa kwa kazi hii. Huchumwa kwa mkono, kwa hiyo haipondwi na mashine ya shambani, na aina zilizotoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, mkoani Mwanza, zina nyuzi zenye urefu unaokaribia milimita 30. Fundi huupima urefu huo bila rula. Hunyofoa kishungi kidogo, akakishika kwa vidole vya mikono miwili, akavuta taratibu. Kikikatika kwa ghafla na kuacha ncha butu, pamba ni kuukuu au imechomwa na unyevu. Kikirefuka na kuachana polepole, nyuzi zikiteleza moja juu ya nyingine, ni nzuri. Kisha hukiinua kwenye mwanga kutafuta vipande vyeusi vya ganda la mbegu, maana kipande kimoja kilichosahaulika kitamchoma mtoto kuanzia siku ya kwanza mpaka siku mfarishi utakapotupwa.

Baada ya hapo huanza kazi ambayo ni raha kuitazama. Pamba hutandazwa kwenye mkeka na kupigwa kwa fimbo nyembamba ifumuke na kutoa vumbi, halafu huchambuliwa kwa vidole kishungi baada ya kishungi. Fundi hutandaza bafta mezani, akaipanga pamba juu yake kwa tabaka: la kwanza nyuzi zikielekea urefu wa kitambaa, la pili zikielekea upana, ili tabaka moja lishike jingine. Hufunika kwa bafta ya pili, akainua yote mbele ya mlango. Palipo hafifu mwanga hupita. Palipo panene pana kivuli. Hurudi mezani akapunguza pale, akaongeza hapa, akainua tena. Kwa mfarishi wenye ukubwa wa kanga moja iliyokunjwa katikati, yaani karibu sentimita 75 kwa 110, pamba yote haifiki robo kilo. Ukiishika mkononi huamini kuwa ndiyo itakayomkinga mtu na baridi ya Usambara.

Kanga itakayokuwa kitambaa cha juu hufuliwa kabla ya kukatwa. Kanga mpya ina wanga, huchuja rangi na hupungua ikilowa. Ukiishona mbichi, maji ya kwanza yatavuta mshono na kuujaza mikunjo. Halafu fundi hupiga bandi kutoka katikati kwenda pembeni, kila mstari ukisukuma hewa nje, na ndipo hushona mistari ya kudumu. Mistari hiyo huachana kwa vidole vitatu, basi. Mteja asiyejua hudhani ni mapambo. Kwa kweli ndiyo inayoizuia pamba kukimbilia kona, na ikiwa mbali, hakuna pamba nzuri itakayoweza kuuokoa mfarishi.

Kuna chaguo jingine ambalo fundi hulipendekeza kwa mtoto wa miezi ya mwanzo, nalo halimpi faida kubwa: shuka kuukuu la flaneli, lililofuliwa mpaka likalainika, au blanketi jepesi la pamba lililochakaa. Hukatwa, hutiwa kati ya vitambaa viwili, hushonwa. Halina vumbi, halisogei, limeshamaliza kupungua, na hukauka hata siku ya jua la kubahatisha. Mtoto akishaanza kukaa, akitaka kitu cha kutandikiwa kibarazani na kufunikwa safarini, ndipo huandaliwa mfarishi wa pamba.

Njia hizi mbili zinajulikana kwingine pia. Wanawake wa Bengali huweka sari zilizochakaa moja juu ya nyingine na kuzishona kwa mishono midogo isiyohesabika. Kantha wanazotengeneza hazina cha kujazwa zaidi ya nguo zenyewe. Kule Gee’s Bend, Alabama, nchini Marekani, wanawake Weusi wa ukoo wa watumwa walioilima pamba walikusanya mabaki ya pamba kwenye sakafu za viwanda vya kuchambulia, wakayapiga kwa fimbo na kuyatia kwenye mifarishi yao. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee’s Bend ilitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston. Watazamaji walivutiwa na viraka na rangi, ingawa waliolala chini yake walijua pia habari ya pamba ile.

Jambo moja fundi hulisema kwa kila mama, hata aliyekwisha kulipa na kugeuka kuondoka. Mfarishi ni wa mgongoni, wa mapajani na wa kutandikwa mtoto akiwa macho na akitazamwa. Madaktari wa watoto hushauri kuwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe na mfarishi uliolegea, mto, wala kitu chochote laini karibu na uso wake. Usiku avikwe nguo za kutosha, alale chali, na uso ubaki wazi. Na hata mgongoni, pembe ya mfarishi isifunike pua. Baridi ya Lushoto huonekana na kusikika. Kukosa hewa hakupigi kelele.

Kwa hiyo ukienda kuagiza mfarishi wa mtoto, kanga ichague mwisho. Anza kwa kuuliza kitakachotiwa ndani, uombe kukiona na kukishika. Kama ni pamba, dondosha tone la maji juu yake na uvute kishungi. Pima kwa vidole nafasi kati ya mishono. Omba ubavu mmoja uachwe wazi mpaka utakapofika kuutazama, na fundi akikataa, mwachie mfarishi wake, utafute fundi mwingine.