Juu ya Maneno "Mwisho wa Siku"

Katika barua, hotuba na magazeti ya Dar es Salaam twakutana mara nyingi na maneno "mwisho wa siku", wala mwandishi hana nia ya kutaja jioni. Ataka kusema "hatimaye", au "tukiyapima yote". Asili yake ni maneno ya Kiingereza "at the end of the day", yaliyofasiriwa neno kwa neno. Yafaa tuyachunguze, kwa kuwa walimu huyaona katika insha za wanafunzi, wakasita kama wayaache au wayafute.

Tutazame kwanza soko la Kariakoo, ambapo mwisho wa siku una maana yake hasa. Ndipo mchuuzi afungapo hesabu, akamlipa aliyemkopesha mali, akafunika bidhaa zake. Tuseme wawili waandikiana hivi: "Faida tutagawana mwisho wa siku." Mmoja ataingoja fedha yake jioni ile ile, mwenziwe atasema maana yake ni baada ya mambo yote kwisha. Kila mmoja ana hoja, na karatasi yao haiwezi kuwaamua. Hayo ndiyo madhara ya kuyatwika maneno kazi ya pili, hali ile ya kwanza wangali nayo.

Watetezi husema kuwa lugha hukua kwa kukopa. Ni kweli, na jina la Kariakoo ni ushahidi. Waingereza walipokwisha kuutwaa mji mwaka 1916, palikaa hapo kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Watu wakalichukua jina, wakalifinyanga kwa sauti za Kiswahili, likawa letu. Halikuondoa neno lo lote tulilokuwa nalo. Hata "soko huria" ni tafsiri ya maneno ya Kiingereza, lakini soko limebaki soko, na huria imebaki huria. "Mwisho wa siku" sivyo: yasukuma kando "hatimaye" na "mwishowe", maneno yaliyokuwa yakitosha.

Wala Waingereza wenyewe hawayasifu. Mwaka 2004 chama chao kiitwacho Plain English Campaign kiliwauliza wafuasi wake ni usemi gani unaowachukiza kuliko yote, na ukatajwa huu huu. Basi tumekopa kitu ambacho mwenyewe alikuwa amechoka nacho.

Tutoe mifano. "Mwisho wa siku jengo la soko lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975." Msomaji aweza kudhani lilifunguliwa jua likichwa, iandikwe "hatimaye". "Mwisho wa siku mteja ndiye tajiri." Hapa hapana habari ya wakati, ila ya kupima, iandikwe "tukiyapima yote". "Mwisho wa siku, mimi naona bei imepanda." Hapa maneno hayana kazi yo yote, yafutwe, na sentensi itasimama vizuri zaidi. Lakini "Mwisho wa siku wachuuzi walihesabu fedha zao" ni Kiswahili safi, na mwalimu asiiguse.

Njia ya kupima ni nyepesi, hata mtoto aiweza. Pahali pa "mwisho wa siku" atie "jioni". Sentensi ikibaki na maana ile ile, aiache. Ikiharibika, ajiulize alitaka kusema nini hasa. Akiisha kujua, neno la Kiswahili atalipata karibu.